Udongo wa kichanga wa mwinukoni Tabora: shamba linaumwa nini na uanze kuangalia wapi

Mwangaluka jamani. Kila ikifika katikati ya Januari simu yangu inajaa picha za mahindi, jani moja limepigwa kwa karibu mpaka huwezi kujua kama ni hindi au mtama, chini mtu kaandika "kaka hii ni nini, nipige dawa gani". Dawa! Mara nyingi hapo hakuna cha dawa, ni udongo tu unasema njaa. Sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja nimeona niandike yote sehemu moja, mtu atafute tatizo lake lilipo asome, akimaliza aende shamba na jembe sio na bomba la kupulizia.

Kwanza tuelewane ni udongo gani

Ukisimama kwenye mwinuko wowote wa Uyui, Sikonge, Urambo au Kaliua halafu ukashuka mdogomdogo kuelekea kwenye majaruba ya mpunga, utakanyaga udongo wa aina tatu nne kabla hujalowa miguu. Juu penye mawe ya graniti kuna changarawe, chini yake kidogo ndio kuna kichanga chenyewe, kijivu au kahawia iliyopauka, pengine chekundu kwa mbali, halafu unaingia ardhi ya katikati ambayo masika inatuamisha maji na kiangazi inakuwa kama sakafu, mwisho kabisa mbuga nyeusi yenye nyufa. Ndugu zetu Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao kila ngazi wameipa jina, hicho kichanga wanakiita luseni, ile ya katikati itogolo, na mbuga ni mbuga. Mimi naongelea luseni tu. Kama shamba lako liko mbugani haya mengi hayakuhusu, usije ukamwaga chokaa huko ukanilaumu.

Hiki kichanga kimetokana na graniti iliyooza miaka mingi mno, kilichobaki ni chembe ngumu za mchanga ambazo hazina chakula ndani yake, mfinyanzi ni kidogo halafu mwingi umeshuka chini na maji, na rangi nyeusi unayoiona juu ni mboji ya majani ya miombo ambayo ukishafyeka na kulima misimu mitatu minne inaisha. Mvua yetu nayo ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili, kama milimita 900 na kitu kwa mwaka, ikija inakuja kwa hasira. Kwa hiyo udongo hauna stoo ya chakula, hauna stoo ya maji, na kadiri unavyooshwa ndivyo unavyokuwa mchachu. Karibu matatizo yote hapa chini yanarudi kwenye hayo matatu, shida ni kwamba kwenye jani yanafanana kweli.

Kama hujui wako ni upi chukua chupa ya maji ya lita moja, tia udongo wa kina cha kiganja mpaka robo, jaza maji, tikisa sana, weka chini. Mchanga unakaa chini ndani ya dakika moja, kesho yake angalia tabaka laini lililokaa juu ya mchanga. Likiwa jembamba kama kidole kilicholala hicho ndio kichanga chetu.

Na kabla ya kusoma hata dalili moja: ng'oa mmea mmoja mgonjwa na mmoja mzima, kwa kuchimba sio kuvuta, uilinganishe mizizi. Watu hawapendi hii sehemu sijui kwa nini, wanaona kama wanaua mhindi, wakati shamba zima linakufa.

Mahindi njano

Hili ndio kubwa kwa hiyo nitakaa hapa.

Angalia njano imeanzia wapi. Ikiwa imeanza majani ya chini kabisa, inatoka nchani inaingia katikati ya jani kama ulimi au kama herufi V iliyolala, hiyo ni naitrojeni imeisha. Mmea unanyang'anya majani ya chini chakula upeleke juu. Kwenye kichanga sababu inakuwa moja ya hizi mbili, ama hujaweka kabisa ama umeweka na mvua imeishusha chini mizizi isipofika. Ya pili ndio inaumiza. Mwaka wa kwanza nilipopata shamba kule Sikonge nilibeba mifuko miwili ya urea nikamwaga yote siku moja kwenye eka moja, mahindi yako magotini, nikaona nimemaliza kazi. Usiku ule ule ikapiga mvua mpaka asubuhi, ikarudia kesho yake. Wiki mbili mahindi yakawa ya kijani ya kupendeza, wiki ya nne yakaanza njano kama hayajawahi kuona mbolea. Wanasema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, lakini hapa mchukuzi ndio wewe na kinachovuja ni hela.

Dawa yake ni kugawa. Ya kupandia, halafu ya kukuzia mara mbili, ya kwanza wiki ya tatu mpaka ya nne, ya pili kabla mbelewele hazijatoka. Udongo uwe na unyevu ila mawingu mazito yasiwe kichwani, weka pembeni ya shina kama kiganja kimoja, fukia. Urea isipofukiwa nyingine inapaa hewani, ile harufu kali unayoisikia ndio hela yako hiyo. Kipimo watu wanatumia kifuniko cha soda, kimoja kinabeba karibu gramu 5. Ukipanda sentimita 75 kwa 30 mmea mmojammoja eka moja inabeba kama mimea 18,000, kwa hiyo kifuniko kimoja kila shina ni kilo 90, karibu mifuko miwili ya kilo 50. Piga hesabu hiyo kabla hujaenda kuchukua mbolea ya ruzuku, maana watu wanachukua mfuko mmoja kwa eka tatu halafu wanasema mbolea ni feki. Mfuko wa urea una kilo 23 za naitrojeni, wa CAN, ile mbolea nyingine ya kukuzia, una kilo 13 na nusu, sio sawa, usibadilishe mfuko kwa mfuko.

Ikiwa njano iko majani ya chini lakini ni mistari, mishipa imebaki kijani na katikati ya mishipa pamepauka, hiyo sio naitrojeni, hapo ni magnesiamu. Kichanga kinaipoteza haraka mwaka wa mvua nyingi, wakulima wa tumbaku wanaijua sana, jani la chini linakuwa karibu jeupe na mishipa inabaki inaonekana kama ramani. Hapo kuongeza urea ni kumpa mgonjwa wa malaria panado. Chokaa ya dolomaiti ndio ina magnesiamu ndani, ila ni ya msimu ujao.

Mistari ikiwa majani ya juu, machanga, fikiria salfa au zinki. Zinki kwenye mhindi mdogo inaleta bendi pana nyeupe upande wa chini wa jani karibu na shina, huku na huku ya uti. Salfa inapausha jani changa lote. Shamba lililowekewa urea na DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi) miaka yote bila samadi mara nyingi linaishia hapo maana hizo mbili hazina salfa wala zinki.

Na ikiwa ni kingo za majani ya chini ndio zinaungua kahawia, katikati bado kijani, hiyo ni potasiamu. Kumbuka tu hivi, naitrojeni inakula katikati ya jani, potasiamu inakula ukingoni. Majivu ya jikoni au ya mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, yana potasiamu nyingi na pia yanapunguza uchachu, watu wanayamwaga jalalani kila siku. NPK ya tumbaku ile 10-18-24 (namba hizo ni naitrojeni, fosforasi na potasiamu) nayo ina potasiamu ya kutosha, na wote tunajua NPK ya tumbaku mingine inaishia kwenye mahindi ya nani, sisemi zaidi.

Jani likiwa na matundu au limetafunwa kule kwenye moyo, hao ni viwavi. Funga hii makala.

Zambarau

Mhindi mdogo una kingo za zambarau, umedumaa. Wengi watakwambia fosforasi na mara nyingi ni kweli, ila usikimbilie duka la pembejeo kabla hujachimba. Mzizi ukiwa umekatwa na wadudu, au mvua imekaa siku nyingi udongo umejaa maji, mmea unashindwa kuinyonya hata kama ipo na unageuka zambarau vilevile. Kuna na mbegu zenyewe zina rangi hiyo kwenye shina, hazina tatizo lolote.

Ikiwa ni fosforasi kweli, yenyewe haitembei kwenye udongo kama naitrojeni, ukiimwaga juu inabaki juu. Lazima iwe kwenye shimo wakati wa kupanda. DAP weka chini, funika na udongo vidole viwili, ndio mbegu. Kwenye kichanga ikigusana na mbegu inaunguza, utaona shimo hili limeota lile halijaota ukadhani panya. Minjingu, mbolea ya mawe ya fosfeti, inafanya kazi vizuri zaidi penye udongo mchachu, yaani kwetu uchachu ndio unaiyeyusha, ila ni ya polepole kwa hiyo usiitegemee ikuokoe mwaka huo huo mahindi yakiwa yameshageuka rangi.

Saa nne asubuhi majani yameshajikunja

Mvua imekata siku nne tu na mahindi yamejikunja kama vitunguu, jirani yako wa bonde la chini yake yamesimama. Hapa kuna sababu mbili na zinatofautishwa na jembe.

Chimba shimo la goti kati ya mistari. Kama mizizi imeshuka vizuri mpaka nusu mita na kuendelea, basi ni tabia ya kichanga chenyewe. Udongo wa namna hii unashika maji yanayotumika na mmea kama milimita 60 mpaka 100 kwa kila mita moja ya kwenda chini. Mhindi ukiwa unatoa mbelewele unakunywa milimita 6 au 7 kwa siku, mizizi yake ikiwa imefika sentimita 60 hesabu mwenyewe, una wiki moja ya akiba, ukibahatika siku kumi. Na huku kwetu kakiangazi ka Januari au Februari kanaweza kuzidi hapo. Kwa hiyo panda na mvua za mwanzo, usisubiri mpaka tumbaku iishe kuhamishiwa shambani ndio ukumbuke mahindi, palizi ya kwanza iwe mapema maana magugu yanakunywa kutoka kikombe kilekile, na matuta yafunge, yaani kila hatua mbili tatu unaziba mfereji na kijituta kidogo ili maji yakae yazame yasikimbie. Wazee wa Kinyamwezi walilima matuta wakifukia majani ndani yake tangu zamani, sio kwamba walipenda kuinama.

Kama mizizi imeshuka kiganja kimoja au kimoja na nusu halafu imegeuka inatambaa kwa pembeni kama imekutana na ukuta, basi ina ukuta kweli. Hilo tabaka gumu linatokana na plau ya ng'ombe kupita kina kilekile miaka yote, kwenye sentimita 15 mpaka 20. Maji yapo chini yake lakini mzizi haufiki. Kupasua kwa riper (plau ya jino moja inayochana bila kugeuza udongo) kabla ya mvua kunasaidia, asiyekuwa nayo abadilishe kina au achimbe mashimo ya kupandia kwa jembe la mkono chini ya lile tabaka. Mbaazi nazo zina mzizi wenye nguvu wa kutoboa, ila usitegemee msimu mmoja.

Usichanganye ukuta huo na kokoto nyekundu nyekundu za chuma, ngumu, unazokutana nazo ukishuka mteremko. Zile hazipasuliwi na riper, ni za kuzaliwa, hapo panda kitu cha mizizi mifupi au achia miti.

Mmea umenyauka na udongo umelowa

Hii inachanganya watu. Imepiga mvua jana, mahindi yamelegea, yamepauka, madogo. Subiri wiki moja uangalie chini ya shina. Kikiota kijani chembamba chenye viua vyekundu, ni kiduha, wengine wanaita kayongo. Kabla hakijatoka juu kinakuwa kimeshakaa kwenye mzizi wa mhindi kinanyonya, ndio maana dalili inatangulia mwenye dalili. Kinapenda udongo uliochoka, na mmea mmoja unaangusha mbegu maelfu kwa maelfu ambazo zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikisubiri. Dawa yake ni kung'oa kabla maua hayajakomaa, kila mwaka, bila kuchoka, kuweka samadi na naitrojeni, na kubadilisha na karanga, kunde au soya. Hizo zinaamsha mbegu za kiduha halafu hazikipi pa kushika, kinakufa. Ukiachia msimu mmoja tu kikamwaga mbegu umerudi mwanzo, pole.

Kama hakuna kiduha, angalia mizizi tena. Yenye manundu manundu ni minyoo fundo, na hao kwenye kichanga wanajisikia nyumbani kwa sababu nafasi kati ya chembe ni kubwa wanatembea wanavyotaka. Tumbaku, nyanya na bamia ndio wanaumia sana. Ila jamani msing'oe karanga mkaona vinundu mkapiga kelele. Vinundu vya jamii ya kunde vinabandukia ukivisugua na kidole, ukikipasua ndani ni chekundu cha waridi, hivyo ni vizuri, ndio vinatengeneza naitrojeni. Nundu la minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, halitoki. Dawa ni mzunguko, usirudishe tumbaku juu ya tumbaku wala nyanya juu ya tumbaku, weka karanga katikati, na ukimaliza kuvuna tumbaku ng'oa visiki vyake na mizizi vikauke juani, usiviache vichipue mpaka Agosti.

Nimeweka mbolea zote na hakuna kitu

Hapa ndio kwenye uchachu. Dalili kwenye jani hazieleweki, kila kitu kinadumaa tu, mizizi mifupi minene imekaa kama vidole vilivyokatwa, haina nywele, na kunde hazina vinundu. pH, yaani kipimo cha uchachu, ikishuka chini ya 5.5 alumini inaanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, na fosforasi uliyolipia inafungwa. Mbolea kama SA (salfeti ya amonia) ukiitumia miaka mfululizo inazidisha, urea nayo kwa polepole.

Kipimo cha bure kiko shambani kwako. Nenda palipochomwa visiki wakati wa kufyeka, au palipokuwa na tanuru la mkaa, au kandokando ya kichuguu. Kama mahindi ya hapo ni kijani kibichi na marefu na ya hatua tatu pembeni ni mafupi, umeshajibiwa, pale kuna majivu au kuna udongo wa mchwa ambao una mfinyanzi mwingi na kalsiamu nyingi kuliko kichanga. Kuna bibi mmoja jirani yangu kila kiangazi anabomoa kichuguu kimoja kilichohamwa anakisambaza kwenye bustani yake ya mboga, hajawahi kuniuliza pH ni nini. Nilimuuliza kwa nini akacheka, "mwanangu mchwa amepanda na udongo toka chini bure, wewe unaenda kuununua mjini?"

Kisha thibitisha. Mwone afisa ugani, halmashauri nyingi sasa zina vile vipima udongo vya mkononi, au peleka sampuli maabara. Sampuli chukua sehemu kumi na tano au ishirini kwa zigizaga, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo. Usichukue penye majivu wala chini ya mwembe wala kwenye zizi la zamani. Na usitumie ndoo iliyobeba mbolea, nimeshaona majibu ya ajabu.

Chokaa ya mazao kwenye kichanga haihitajiki nyingi kama kwenye udongo wa mfinyanzi, mara nyingi tani moja kwa hekta, yaani kama kilo 400 kwa eka, inatosha kuanzia. Ukizidisha unafunga zinki na manganizi na unarudi kwenye mistari ya majani niliyosema juu. Imwage na kuichanganya na udongo mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda, na usiichanganye siku moja na samadi au urea maana inafukuza naitrojeni hewani. Chokaa ya kupaka ukuta ni kali, usiitumie kwa kipimo hichohicho.

Karanga zina maganda matupu

Majani mazuri, maua mengi, unang'oa ganda zuri, unaminya, pyuu, hewa. Hiyo ni kalsiamu. Karanga ina tabia yake, ganda linanyonya kalsiamu lenyewe moja kwa moja kutoka kwenye udongo linapokua, haliletewi na mizizi, kwa hiyo lazima kalsiamu iwe juu pale sentimita chache ganda linapokaa. Weka jasi wakati karanga zinaanza maua, juu ya mstari. Jasi inachimbwa Itigi hapo Singida, reli ileile yetu, sio kitu cha kuagiza mbali. Ukame wakati wa kujaza nao unaleta matupu, kwa hiyo angalia kwanza mvua ilikuwaje. Na kama majani yenyewe yalikuwa mazuri kupita kiasi, jiulize kama hukuwapa naitrojeni nyingi, karanga haihitaji.

Kwa njia, Waingereza walikuja na mpango wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu Urambo, matrekta na mahela, mwaka 1951 wakafunga. Kongwa udongo ulikuwa unakauka unakuwa mgumu mpaka karanga hazing'oki. Urambo ikaja kuwa nchi ya tumbaku. Mimi kila nikisikia mtu ana mpango wa eka elfu moja huku nauliza kwanza kama amechimba shimo.

Shamba lilikuwa zuri miaka mitatu, sasa limekufa

Halijafa, limerudi lilivyo. Ulichokuwa unavuna ile miaka mitatu ni mboji ya msitu. Zamani mtu alihama akaachia miaka kumi na tano ishirini, miombo ikarudi, sasa hivi pa kuhamia hakuna na pakiwepo ni hifadhi.

Samadi ndio ya kwanza, wenye ng'ombe wapo wengi na mazizi yamejaa, kinachokosekana ni mkokoteni na nia. Iliyooza vizuri, iwekwe kwenye shimo au kwenye tuta isitapanywe juu. Ya pili ni kupumzisha shamba kwa miti inayorutubisha. Kituo cha utafiti cha Tumbi nje kidogo ya mji wa Tabora kilishughulika sana na hii, miti kama gilirisidia, utupa na sesbania inapandwa inakaa miaka miwili inakatwa, majani yanabaki shambani, halafu unapanda mahindi. Ila kumbuka minyoo fundo, sesbania inawahifadhi na kuwazalisha, kwa hiyo usiiweke mahali utakapopanda tumbaku. Hilo watu hawaambiwi. Kwa anayekausha tumbaku kwa kuni kuna ile akasia kutoka Australia, unapanda na mahindi miaka miwili ya mwanzo, unaiachia ifike kama miaka mitano, unakata kuni za bani, unarudi kulima. Angalau miombo inapumua.

Halafu kuna swali la kama unalima kitu sahihi. Kichanga hiki kinapenda mihogo, viazi vitamu, karanga, njugu mawe, choroko, mtama, uwele, tumbaku na embe. Njugu mawe hasa, zinazaa hata pale ambapo mahindi yamegoma, na kung'oa ni rahisi kwa sababu mchanga unaachia. Maembe hayahitaji maelezo, pita tu Tabora mjini. Maharage na migomba kwenye luseni ni kujitafutia presha, wapelekee Kasulu na Buhigwe wenye udongo wao mwekundu na baridi yao. Na sehemu ambayo ni changarawe tupu usifyeke, tundika mizinga, asali ya miombo inauzika kuliko magunia mawili ya mahindi utakayopata hapo.

Shimo la choo limetitia

Hii sio kilimo lakini ni udongo uleule na naulizwa kila masika. Kichanga kikilowa hakina cha kushikana, kuta za shimo zinaporomoka, kisima nacho vilevile. Usichimbe duara pana halafu ukaweka magogo juu ukategemea Mungu, jenga kwa matofali ya kuchoma toka chini, mita ya juu weka saruji kwenye viungo na huko chini acha nafasi za maji kupita, na mdomo wa shimo uinue maji ya mvua yasiingie. Na hayo matofali usifyatue kwa kichanga chenyewe, yatamomonyoka kabla hujayapanga kwenye tanuru. Tafuta kichuguu kikubwa kilichohamwa, ule udongo ndio unashikana, lakini acha kimoja cha bibi.